Bastola ya Fundi wa Vyerehani

Ndege inapotaka kutua, Kiwalani nzima huongea kwa vipande. Wengi hupaza sauti kushindana nayo. Fundi hakushindana. Alinyamaza katikati ya neno, akangoja ndege ipite juu ya mabati, kisha akaendelea kutoka silabi ileile aliyoiacha. Siku ya kwanza kumsikia alikuwa akimwambia mama mmoja mshonaji, "Mashine yako haiumwi, ina u—" Ndege ikapita. Mabati yakatetemeka, sindano ndani ya kopo zikalia kidogo, vumbi likashuka taratibu kwenye mwanga wa mlangoni. "—chafu," akamalizia, na yule mama akacheka.

Alitengeneza vyerehani, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Nilimjua kwa miaka kumi na minne. Siku za kazi alifungua mashine, akazisugua kwa mafuta ya taa, akazifunga tena. Jumamosi asubuhi alifunga duka akaja Kunduchi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ambako klabu yetu ndogo hulenga shabaha. Kule alikuwa na kazi moja tu: kumsaidia mtu kuchagua bastola.

Hakuna aliyemteua. Mwanachama mpya akishapata ruhusa ya kununua, kabla hajanunua, aliambiwa, "Nenda kwanza kwa Fundi." Kibali huandikwa kwa silaha moja, kwa namba yake, na mtu akikosea kuchagua ataishi na kosa lake kwa muda mrefu. Nimeona watu wakioa kwa haraka kuliko walivyochagua bastola mbele ya mzee huyo.

Niseme jambo moja mapema, ili msomaji asije akanidhania vingine. Miaka yote hiyo niliitaka bastola yake. Ilikuwa ya risasi ndogo, ya kizamani, mtutu mrefu mwembamba, weusi wake umefifia pale kidole gumba kinapopita, na mpini wa mpingo aliouchonga mwenyewe. Nilikuwa na yangu, halali, nzuri kwa kila kipimo ninachokifahamu. Lakini yake niliiota. Sisemi kwa mfano. Nililala nikaiota: nimeishika, haina uzito, na ukuta wa mawe meupe mbele yangu unakwenda mbali, unakwenda mbali, bila kuisha.

Njia yake ya kuchagua ilikuwa hivi. Alihakikisha bastola haina risasi, akamwonyesha mtu chemba tupu, pale risasi inapokaa, akamtaka aiguse kwa ncha ya kidole, asiridhike kwa kuona. Kisha alimsimamisha mbele ya karatasi yenye duara jeusi, akamwambia afumbe macho.

"Inua mkono. Usiutafute, uache upande wenyewe kama moshi. Ukifika, tulia. Pumua mara moja. Haya, fumbua."

Aliyefumbua alitazama ncha ya kulengea iliyo mbele ya bastola imekaa wapi ndani ya pengo la kulengea lililo nyuma, na vyote viwili vimeelekea wapi kwenye karatasi. Vikikaa katikati vyenyewe, bila mkono kusahihishwa, bastola hiyo ilikuwa ya mtu huyo. Vikielemea pembeni, Fundi aliirudisha mezani akachukua nyingine. Kosa alilipima kwa upana wa vidole, kidole kimoja, vidole viwili, kama mtu anayepima maji ya wali.

"Macho hupenda vitu," alisema. "Ndiyo maana huwa nayafumba kwanza."

Asubuhi hizo za machimboni nilizipenda kwa namna ambayo sijaweza kuieleza nyumbani kwangu. Mawe yalirudisha mwanga mpaka kila kitu kikaonekana kimeoshwa. Upepo ulileta harufu ya samaki wanaokaangwa kutoka mwaloni, ngalawa zinakoshusha. Watu watano au sita tulisimama mstari mmoja, macho tumefumba, mikono inapanda polepole, hakuna anayesema. Wakati huo hujui kama umesimama au umelala, na mkono wako unakuwa wa mtu unayemfahamu kidogo tu. Siku moja mpita njia alituchungulia kwenye pengo la ukuta, akavua kofia. Alidhani tunasali.

Si kila mtu alipata msaada wake. Mfanyabiashara mmoja alikuja na visanduku viwili, ndani yake bastola zinazong'aa kama vijiko vya harusi.

"Shikamoo, Fundi. Nichagulie moja kati ya hizi."

"Marahaba. Unataka kulenga nini?"

"Mtu akiruka ukuta wangu, mzee wangu, mie nataka alale palepale."

"Hapa sie tunalenga karatasi."

"Si ni ishu ileile?"

"Karatasi haina mama," Fundi akasema. "Kanunue mbwa. Nunua wawili, mmoja atasinzia."

Yule bwana akacheka, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye, akafunga visanduku vyake.

Mtu mwenye msimamo huo ungetegemea awe mkali kwa kila kitu. Hakuwa. Panya walikula mikanda ya ngozi ya vyerehani vya miguu, naye hakuweza kuwaua. Aliwatega kwenye kizimba cha waya, akakibeba mkononi mpaka kwenye majani ya karibu na reli, akawafungulia. Mkewe, mama mwenye ulimi mwepesi, alisimama mlangoni akimwangalia akiondoka na kizimba.

"Mwangalieni mpiga shabaha," aliwaambia majirani. "Huyo panya huwaga anarudi kabla yake. Kesho atakuja na shemeji zake."

Siku kumi za mwanzo wa Muharram, ambazo watu wa madhehebu yake humwomboleza mjukuu wa Mtume na wenzake waliouawa vitani, alivaa nyeusi, akafunga duka, hakuigusa bastola wala kuizungumzia. Mimi ni Mlutheri kutoka bara, na mwaka wa kwanza sikuelewa. Nilimkuta mlangoni na ndoo ya sharbati, akiwagawia wapita njia, bodaboda, wauza maji wenyewe. Mwenzetu mmoja aliyekuwa nami akamwuliza kama hawezi kuja machimboni hata saa moja tu, maana mashindano yetu yalikuwa karibu.

"Siku hizi nakaa upande wa waliolengwa," alijibu, akampa kikombe.

Hatukumwuliza tena.

Lazima nieleze habari ya unga. Mpini wa bastola ya dukani huchongwa kwa ajili ya mkono wa wastani, na mkono wa wastani hauna mwenyewe. Kwa hiyo Fundi alichonga mingine kwa mninga. Kupata umbo la mkono alitumia unga wa chapati. Mkewe alikanda donge gumu lenye chumvi nyingi, Fundi akalizungushia kwenye kipande cha ubao, mwanachama akalishika kama anavyoshika bastola, akaliachia. Donge likakaushwa juani siku tatu. Nyuma ya duka kulikuwa na rafu iliyojaa madonge hayo, mikono ya watu imekaa kimya pamoja na vichwa vya vyerehani visivyo na wenyewe. Aliyasoma. "Huyu anaogopa mlio," alikuwa akisema. "Huyu alikuja hapa ametoka kugombana na bosi wake."

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vikuukuu vya kulenga shabaha, nilivyonunua kwa wauza vitabu wanaotandaza chini barabarani, na nilijua vidole vya kati vikaze kiasi gani, kidole gumba kilale vipi, kidole kidogo kisifanye kazi. Nililishika donge sawasawa na michoro. Fundi akalitazama, akachonga majuma matatu. Masika yote nililenga vibaya kuliko mtu anayeanza. Mwisho nikamrudishia.

"Fundi, mpini huu si wangu."

"Si wako," akakubali. "Ulinipa mkono wa kitabu. Nami nimekichongea kitabu."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua ulipoinua kidole kidogo, kama mtu anayekunywa chai kwa balozi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeenda kusoma kingine."

Mkewe akaingilia kutoka uani. "Na unga wangu je? Zingekuwa chapati sita zile."

Mara ya pili alinipa donge, kisha akaniuliza habari za mama yangu, ambaye alikuwa amefariki mwaka huo. Nikaanza kumweleza. Alisikiliza kwa muda mrefu, akauliza alipenda kupika nini, alikuwa akituita vipi tulipokuwa wadogo. Nilipomaliza alilichukua donge mkononi mwangu, na ndipo nikajua kwamba muda wote nilikuwa nimelishika. Mpini uliotoka humo ninautumia hadi leo.

Nikikusanya haya naona nimemchora kama mtu asiyekosea. Alikosea. Alikuwa mbishi, alisahau ahadi za wateja mpaka nguo za sikukuu zikachelewa, na alikuwa na wivu wa ajabu juu ya bastola yake. Sisi alitufundisha kwamba chombo ni chombo, kikikukataa kiweke chini. Yake hakuiweka chini. Kwa miaka kumi na minne sikuona mkono mwingine ukiishika. Mwenzetu mmoja aliwahi kuinyooshea mkono, kwa kutania tu, na Fundi akaondoka machimboni saa hiyohiyo bila kuaga. Nilijifunza kuitazama kwa pembeni, kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho. Dunia ilimfinyikia kutoka kandokando, alivyosimulia mwenyewe, kama mtu anayerudi nyuma ndani ya bomba. Aliendelea kutunga uzi kwa ulimi na vidole, na vyerehani alivifungua kwa kupapasa, wala wateja hawakuona tofauti. Lakini Jumamosi aliacha kuja. Halafu tukasikia kwamba kibali chake hakitahuishwa tena. Kabla mwezi haujaisha bastola ilipaswa kuhamishiwa kwa mtu anayeruhusiwa, au isalimishwe kituoni, ikakae ghalani mpaka kutu iimalize. Wanawe wako nchi za mbali. Walimwambia kwa simu, "Baba, ya nini hiyo?"

Fundi akatuma neno kwamba anayeitaka aje, na wanachama watatu walikwenda kuijaribu, kila mmoja siku yake. Wote walirudi mikono mitupu, na hakuna aliyesimulia. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa Kawe, mwalimu wa fizikia, ambaye hulenga vizuri kuliko sote. Nikampigia.

"Vipi, umeipata?"

"Sikuipata."

"Wewe? Kivipi?"

"Kaka, nenda mwenyewe. Mie hayanihusu tena."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Alhamisi asubuhi. Nilikuwa na ruhusa ya kununua ya pili niliyoihangaikia miezi mingi bila kumwambia mtu ni ya nini. Mkewe alinifungulia.

"Wa nne huyu," akaita ndani. "Baba, una binti wa chuma, wachumba hawaishi!"

Fundi alikuwa uani, amenyooka, shati jeupe limepigwa pasi. Kwenye ukuta, kando ya kamba ya nguo, kulikuwa na karatasi ya shabaha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe nilikutegemea uwe wa kwanza. Mbona umechelewa?"

"Niliogopa."

"Vizuri," akasema, na sikujua vizuri nini.

Akaitoa bastola kwenye kitambaa. Akaingiza kidole chake kwenye chemba, akanishika mkono akaniongoza niingize changu. Kisha akaniwekea mpini kiganjani. Nilikuwa nimeungoja uzito ule miaka mingi, na ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, wa kutulia, kama mtoto aliyelala. Nikafumba macho. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni, na kuku, na pumzi ya Fundi karibu yangu. Mkono ukapanda wenyewe. Kwa kitambo kile sikuwa na umri wala kazi wala jina. Nikapumua mara moja, nikafumbua.

Ilikuwa kushoto. Si kidogo. Duara jeusi lilikuwa limebaki kulia, peke yake, kama nyumba uliyoipita bila kujua.

"Iko wapi?" Fundi akauliza. Uso wake ulikuwa umenielekea mimi, si karatasi.

"Katikati," nikasema.

Akapokea bastola, akaizungusha ndani ya kitambaa bila haraka.

"Basi ni yako. Jumatatu tutakwenda kituoni."

Mkewe alishukuru Mungu kwa sauti, akasema sasa atapata nafasi ya shuka kabatini. Tukanywa chai ya tangawizi. Fundi alinieleza jinsi ya kuitunza, mafuta gani, kitambaa gani, na mimi niliitikia kila neno kama mwanafunzi mzuri. Nikaaga. Kutoka pale mpaka getini ni hatua kama ishirini, kati ya vyerehani vibovu vilivyopangwa pande mbili. Nilizitembea. Nilijua kwamba duniani hakuna mtu anayeweza kunishtaki, kwa kuwa pale uani macho yaliyotazama juu ya mtutu yalikuwa yangu tu. Jambo hilo lilipaswa kunifariji. Nilishika komeo la geti, na mkono wangu, ule uliokuwa umepanda vizuri sana, haukutaka kulivuta.

Nikarudi.

"Fundi."

"Umesahau nini?"

"Ilikwenda kushoto. Vidole viwili."

"Viwili na nusu," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mkewe akatutazama, akachukua sinia akaingia ndani.

"Kwangu nayo ilikwenda kushoto," Fundi akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilifumba macho mbele ya muuzaji, nikafumbua, nikaona kabisa. Akaniuliza, nikamwambia katikati. Nilikuwa nishaipenda."

"Na mpini? Usingeweza kuurekebisha?"

"Huu ni wa sita. Yote ilikwenda kushoto. Ndivyo ilivyozaliwa. Kila risasi niliyowahi kupiga, nimeirudisha kulia kwa kifundo cha mkono. Miaka thelathini. Sijawahi kuona ni taabu." Akapapasa kikombe chake, akakuta kimeshaondolewa. "Hilo ningewafundishaje nyie? Kila mtu angechagua kwa macho, na klabu yote ingekwenda kushoto."

Nilimwuliza kuhusu wale watatu.

"Walisema kweli wakiwa wamesimama palepale. Yule dada wa Kawe alisema kabla hajashusha mkono. Nikawaambia haiwafai, na kweli haiwafai. Wangeichoka kwa wiki moja. Mie nilikuwa namtafuta mtu anayeitaka mpaka akosee."

"Kwa hiyo ulijua nimekudanganya."

"Ulijibu upesi mno. Mtu akiona katikati hukaa kidogo, haamini."

"Na kama ningetoka?"

"Ungeipata vilevile. Nilishasema ni yako." Akageuza uso upande wa geti ambalo hakuliona. "Ila kituoni ningekwenda na moyo mzito."

Jumatatu nilimpitia. Alinishika kiwiko, tukaenda polepole, naye akinisahihisha njia anayoijua kuliko mimi. Askari kwenye kaunta alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kusoma fomu kwa kidole. Alilinganisha namba ya bastola na karatasi mara mbili. Kisha akamtazama Fundi, akainua sauti kidogo, kama watu wanavyofanya kwa vipofu.

"Mzee wangu, huyu bwana unayemwachia silaha, una uhakika naye?"

"Ninao," Fundi akasema. "Amenidanganya mara moja tu, na uongo wenyewe haukufika getini."

Askari akaacha kalamu hewani. Akanitazama, akamtazama yeye.

"Sasa hapa niandike nini, mzee?"

"Andika ndiyo."